Hatari ya Hiari

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeikopesha dunia, hapana lililokwenda mbali kuliko neno safari. Lilifika pwani kutoka Arabuni likiwa na maana pana: mwendo wa biashara, wa hija, wa vita, wa kuoa, wa kuzika. Waingereza walilichukua katika karne ya 19, na siku hizi linasikika katika lugha nyingi, lakini huko lilikokwenda limekonda. Kwa wageni safari si kila mwendo. Ni mwendo wa mtu anayetafuta wanyama, milima na msisimko wa moyo, naye anayo nyumba nyingine ya kurudi. Kukonda kwa neno hilo si jambo la watunga kamusi peke yao. Ndani yake mmefichwa swali la maadili: hatari ambayo mtu huitafuta kwa furaha ina heshima gani mbele ya hatari ambayo humjia mwingine bila ya kuitwa?

Swali hilo laweza kuulizwa po pote, lakini Makambako ni mahali pake hasa. Mji huo umekaa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hupita hapo, na hapo ndipo huchepuka barabara ya Njombe na Songea. Reli ya Uhuru, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, hufika hapo baada ya kupanda kutoka Mlimba kwa madaraja na mahandaki mengi. Upepo wa Makambako ni mkali, nao hauchagui: humpiga anayeshuka garini kwa matembezi, na humpiga anayepanda kwenda kutafuta kazi.

Afikiriwe, basi, mtu na mkewe kutoka mji mmoja wa Ulaya. Miezi 11 ya mwaka wamekaa ofisini. Mwezi wa 12 wamejipa ruhusa ya kuishi. Hawakutaka ufuko wa bahari wala hoteli. Walitaka, kwa maneno yao wenyewe, nchi isiyotengenezwa. Wamekuja kwa gari la moshi lililochelewa saa nyingi, na kuchelewa huko kumewapendeza kwa kuwa ni sehemu ya masimulizi yatakayokuja. Walipopita mahandakini walichungulia dirishani wakashangilia. Hawakukumbuka, wala si lazima kila msafiri akumbuke, kwamba katika kuijenga reli hiyo Wachina zaidi ya 60 walikufa, mbali na Waafrika waliokufa pamoja nao. Sasa alfajiri wanasimama katika kituo cha mabasi, mizigo mgongoni, wakingoja gari la Njombe, ambako ni mwendo wa kilomita 60 hivi. Kutoka huko wanakusudia kwenda Makete, na kisha Kitulo kutazama maua.

Katika kituo hicho hicho, alfajiri hiyo hiyo, amesimama msichana wa miaka 16 akingoja basi la Dar es Salaam. Ana furushi moja la nguo na debe dogo la viazi, zawadi kwa bibi mwenye nyumba ambaye hajapata kumwona. Ndugu wa mbali amemtafutia kazi ya ndani. Ameagana na nyanya yake aliyemlea. Na katika mkoa wa Njombe walelewa na nyanya ni wengi, kwa maana upimaji wa nchi nzima wa 2011 hadi 2012 ulionyesha kwamba watu 14.8 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani humo walikuwa na virusi vya UKIMWI, kiasi kilichopita cha mikoa yote mingine ya Tanzania.

Wasafiri hao watatu hawajui kilichoko mbele yao. Wote watakula chakula cha kigeni, watalala penye sauti wasizozizoea, watategemea hisani ya watu wasiowajua. Walakini wawili wakirudi kwao wataitwa majasiri, na mmoja hataitwa jina lo lote. Au ataitwa hausigeli, jina ambalo halina safari ndani yake.

Yamkini mtetezi wa wale wawili atasema kwamba hiari ndiyo iufanyayo ushujaa kuwa sifa. Jiwe lililorushwa halisifiwi kwa kuruka. Anayesukumwa na njaa huenda kwa sababu amesukumwa, ilhali anayeacha kitanda laini akaenda kulala hemani katika baridi ya Njombe ameitawala nafsi yake. Hoja hiyo ina nguvu, wala haifai kupuuzwa kwa hasira. Pasipo hiari hapana wema wala uovu. Watu wengi wenye hekima wameshika neno hilo.

Lakini mwanadamu si jiwe. Njaa humsukuma mtu, haimchagulii njia. Msichana yule angaliweza kubaki akalima viazi kama wenziwe wengi walivyobaki. Alipima, akaogopa, akaenda. Katika kulazimishwa kwake mlikuwa na hiari. Na katika hiari ya wale wawili, wakijichunguza kwa unyofu, mlikuwa na kulazimishwa: uchovu wa ofisi, wivu kwa marafiki waliokwenda Nepal mwaka uliopita, haja ya kuwa na picha za kuonyesha. Uhuru wao si mtupu kama wanavyodhani, na utumwa wake si mzito kama wanavyouona. Wakipimwa kwa hiari peke yake, mizani hukaribia kulingana.

Kinachowatenga hasa ni njia ya kurudi. Mume na mke wana tikiti ya ndege yenye tarehe, na bima ambayo, mguu ukivunjika, itatuma ndege kuwachukua. Hatari yao imefungwa kamba kiunoni kama mtoto anayefundishwa kuogelea. Msichana hana nauli ya kurudi mpaka alipwe mshahara, na mshahara uko mkononi mwa mtu asiyemjua. Iwapo nyumba atakayofikia ni ya ukatili, atakuwa katikati ya bahari bila ya kamba. Habari hiyo si mpya Njombe. Wakati wa ukoloni wanaume wa wilaya hiyo walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Na mwendo wao, ulioshinda miendo ya watalii wengi kwa urefu na kwa taabu, hapana aliyeuita safari ya ujasiri.

Liko jambo jingine ambalo wasifu wa wasafiri hulipita haraka. Mtu na mkewe si mtu mmoja. Aghalabu mmoja ndiye aliyeitamani hatari, na mwenziwe ameikubali kwa sababu ya mapenzi. Je, hiari ya mapenzi ni hiari? Samuel Baker alipolifikia ziwa aliloliita Albert, Machi 1864, alikuwa pamoja na Florence. Njiani mwanamke huyo alipigwa na jua akapoteza fahamu siku kadhaa, hata watu wa msafara wakaanza kutafuta mahali pa kumzika. Uingereza iliwapokea kwa shangwe, ikamsifu mke kwa uaminifu wake. Lakini Florence alikuwa msichana ambaye Baker alimtoa mnadani penye soko la watumwa la Vidin mwaka 1859. Mtu aliyeokolewa hivyo huweza kumfuata mwokozi wake mpaka mwisho wa dunia kwa mapenzi ya kweli; huweza pia kumfuata kwa sababu hana pengine pa kwenda. Nani ajuaye? Yamkini hata yeye hakujua, na sifa alizopewa hazikumwuliza.

Mume na mke wa Makambako hawako katika hali hiyo. Hata hivyo, siku ya nne ya matembezi yao, mvua inaponyesha na njia ya Makete imekuwa tope, mke anataka kurudi Njombe mjini akaoge maji ya moto, na mume anasema kwamba ugumu ndio waliojia. Ugumu wa nani? Mwenye kuipenda hatari hana haki ya kumgawia mwenziwe sehemu, kama vile mwenye kupenda pilipili hana haki ya kuitia katika chungu cha wote. Mapatano yaliyofanywa mezani Ulaya, mbele ya ramani na kikombe cha kahawa, hayawezi kuufunga mguu uliovimba katika mlima wa Wakinga. Ridhaa ya safari si mkataba utiwao sahihi mara moja. Hutakiwa upya kila asubuhi, na anayeona haya kuiomba upya amekwisha kuacha kusafiri na mwenziwe. Anasafiri na mzigo.

Walishindana, wakaendelea, na gari walilokodi likazama topeni. Hapo ndipo palipotokea neno ambalo ni kubwa kuliko maua yote waliyoyafuata. Watu sita waliacha matuta yao ya viazi wakaja kusukuma. Iliwachukua muda wa saa tatu. Mzee mmoja aliyewaongoza alisalimu kwanza, kama ilivyo desturi, "Kamwene", kisha, akipangusa tope mikononi, akawauliza kwa upole, "Wanangu, mnakwenda kwa nani?"

Dereva alitafsiri. Wageni walijibu kwamba wanakwenda Kitulo. Mzee akatikisa kichwa. Hakuuliza wapi, aliuliza kwa nani. Hawakuwa na jibu. Walikuwa wamevuka bahari na mabara bila ya kumwendea mtu.

Kwa watu wa nchi ile, na kwa sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, njia ina mtu mwishoni mwake: mjomba, mkwe, rafiki wa baba, mgonjwa, maiti. Hata msichana wa kazi anakwenda kwa fulani, ijapokuwa fulani huyo hamjui. Selim bin Abakari, aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akimfuata bwana wake Mjerumani, na ambaye habari zake zilichapishwa na Carl Velten mwaka 1901, aliona theluji na mito iliyoganda ambayo ingalimtosha mtalii wa leo kwa maisha yake yote. Lakini alikwenda kwa kuwa alikuwa mtu wa mtu. Kumwendea mtu ndiko kunakompa mgeni haki zake na wajibu wake. Ana mwenyeji wa kumlinda, na ana mwenyeji wa kumwonea haya. Asiye na mwenyeji hana wa kumwonea haya, na hapo ndipo uhuru wa mtalii unapokuwa mtamu na wa hatari kwa pamoja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenye kuuza safari hulifasiri neno hilo kwa fedha: mgeni alete dola, mwenyeji apate riziki. Fedha si kitu cha kudharauliwa, na wanaoidharau aghalabu ni wale wanayo. Mume alitoa noti. Vijana watano wakapokea, na walifanya vema, kwa kuwa matuta yao yalikuwa yakiwangoja nayo saa tatu ni saa tatu. Mzee hakupokea. Si kwa kiburi. Kwa hesabu ya kwake, kupokea kungalimgeuza mwenyeji kuwa kibarua, na yeye alikuwa amekwisha kuamua kwamba wale walikuwa wageni wake, maadam hawakuwa na mwingine. Aliwakaribisha wakaote moto. Mke akaingia mara moja. Mume alitazama saa.

Siku ya sita wakafika Kitulo. Uwanda ule mrefu na wa baridi, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, una aina nyingi za okidi, nao ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Miongoni mwa sababu za kuuhifadhi ni kwamba watu wa vijiji vya jirani walikuwa wakichimba viazi vya okidi hizo na kuviuza, vikavushwa kwenda Zambia ambako hupikwa pamoja na karanga kikawa chakula kiitwacho chikanda. Uchimbaji huo ungaliyamaliza maua, na kuyalinda lilikuwa jambo la haki. Lakini ieleweke haki hiyo ilikata wapi. Ua moja lilikuwa na watu wawili: mmoja aliinama akachimba kwa sababu ya ada ya shule, mwingine aliinama akapiga picha. Sheria ilimzuia wa kwanza ikamkaribisha wa pili, na wa pili akaondoka akiamini kwamba yeye ndiye mpenda maua. Yamkini ndivyo. Lakini ni rahisi kulipenda ua ambalo mtu hana haja ya kulila.

Haifuati kutokana na hayo kwamba wageni wakae kwao. Nchi isiyotembelewa haiwi tajiri kwa kutotembelewa, na mtu asiyetoka kwake huzeeka na hofu zake. Mume na mke wale walijifunza kitu: mke alijifunza kwamba mumewe hutazama saa penye moto wa mtu mwingine, na elimu hiyo hakuipata katika miaka yote ya ndoa yao. Kama ataitumia, na vipi, ni siri yake.

Walirudi Makambako kwa basi la jioni. Katika kituo, wakingoja gari la moshi, mume aliandika katika daftari habari za tope: saa ngapi walikwama, kina cha tope, jinsi walivyotoka. Mke akamwuliza jina la yule mzee aliitwa nani. Mume akapekua kurasa nyuma, akamgeukia dereva, lakini dereva alikuwa amebaki Njombe.