Jumanne: Mwanamke Aliyegusa kwa Siri

Soma Marko 5:21–43. Kwa nini mwanamke huyu alimjia Yesu kwa nyuma? Na kwa nini Yesu hakumwacha aondoke kimya kimya?

Alitokwa damu miaka 12. Mali yake yote iliishia kwa matabibu, na hali ikazidi kuwa mbaya. Kwa sheria ya Walawi 15:25–27 alihesabiwa najisi, na kitanda alichokilalia kilikuwa najisi pia. Ugonjwa ulimtesa mwili. Aibu ilimtenga na watu. Ndiyo maana alipenya katika umati na kugusa vazi kwa siri.

Yairo alikuwa akingoja, binti yake yu mahututi; hata hivyo Yesu alisimama na kuuliza ni nani aliyemgusa. Hakutaka kumwaibisha. Damu ilikuwa imekwisha kukauka, lakini siri ilikuwa bado inamlemea. Alipokwisha kusema yote, Yesu alimwita binti, akamwaga kwa amani.

Leo pia yupo mwanamke anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au aliyekoma hedhi kisha damu ikarudi. Haombi kuombewa, maana haoni namna ya kulitaja jambo hilo mbele ya mzee wa kanisa. Wengi hufika hospitali saratani ya mlango wa kizazi ikiwa imekwisha kuenea. Nchini Tanzania hakuna saratani inayoua wanawake wengi kuliko hii.

Lakini inazuilika. Husababishwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Virusi hivi ni vya kawaida sana, hata mke mwaminifu huweza kuvipata. Basi mgonjwa asihukumiwe. Kwa kawaida saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kukua. Kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila matibabu, huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Katika muda huo mwanamke huweza asisikie dalili yoyote, ila kipimo huonyesha. Muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi. Penye mabadiliko hugeuka peupe, na mara nyingi hutibiwa siku ile ile.

Sura hiyo hiyo ina binti wa miaka 12, na Yesu aliwahudumia wote wawili. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018. Tangu 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja. Mama anahitaji kupimwa. Binti anahitaji kuchanjwa.

Huduma za Wanawake wanaweza kumwalika muuguzi wa zahanati, kuchanga nauli kwa anayeishi mbali, na kumsindikiza anayeogopa. Waume nao wafundishwe, kwa sababu mara nyingi nauli na ruhusa vimo mikononi mwao. Na anayeombewa asiambiwe kwamba kwenda kupimwa ni kukosa imani.

Kama mwanamke wa kanisani kwenu angetaka kusema yote leo, angemwendea nani? Darasa lako litafanya nini kabla ya Sabato ijayo ili awe na mtu wa kumwendea?