Malisho Yaliyosalia
(Ezekieli 34:17–19)



Nabii Ezekieli alipokwisha kuwakemea wachungaji wa Israeli aliwageukia kondoo walionona. Hawakushitakiwa kwa kula, maana malisho ni ya kuliwa. Walishitakiwa kwa kuwa, walipokwisha kushiba, waliyakanyaga yaliyosalia, wakayachafua maji kwa miguu yao, hata wenzao waliokuja nyuma hawakupata ila matope.

Neno hili halihitaji kufasiriwa sana katika Hanang. Mnajua habari za ngano ya Basotu. Tangu karibu na mwaka 1970 shirika la NAFCO, kwa msaada wa Serikali ya Kanada, lilifungua mashamba makubwa saba, nayo nchi iliyotwaliwa ilipata kama ekari 100,000. Nia yenyewe haikuwa mbaya: taifa lilitaka mkate, na ngano ikapatikana kweli. Lakini uwanda ule uliodhaniwa kuwa mtupu haukuwa mtupu. Ulikuwa malisho bora ya Wabarabaig, ambao kwa desturi yao huhamisha ng'ombe kwa majira, wakilisha hapa na kuacha pale papumzike. Wazee wao huamua mambo hayo barazani, na wanawake nao wana baraza lao (sisi kanisani hatukuwa wepesi hivyo kuwauliza wanawake). Trekta zikaingia. Makaburi ya wazee yakalimwa, njia za ng'ombe zikafungwa, na mvua ikachimba makorongo katika udongo uliovuliwa majani yake. Kijiji cha Mulbadaw kilishitaki, kikashinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984. Kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitangua hukumu ile.

Sidhani wakuu wa shirika lile walikuwa wavivu wa hesabu. Magunia yalihesabiwa, na mafuta, na vipuri. Ila udongo na jirani, naona, havikuwa na ukurasa katika daftari.

Basi tusiwanyoshee wengine kidole tu. Ninyi wazee wa kanisa, nanyi walimu, usharika nao ni chama chenye mali na viongozi. Twachoma matofali ya kujengea nyumba ya Mungu: kuni zake zilikatwa wapi, na ni nani aliyepanda miti mingine mahali pale? Twapewa shamba, nasi twashukuru upesi, bila kumwuliza mjane apitaye hapo kwenda kuteka maji. Mtunza hazina akisoma mapato, sote twasikiliza. Ni mara chache nimemsikia mzee akisimama kueleza yaliyosalia kwa ajili ya watoto.

Siku mtakapoletewa karatasi ya kiwanja kipya ili mtie sahihi, ahirisheni kwa juma moja. Nendeni mkasimame pale asubuhi, ng'ombe wanapopita, mkamwulize yule kijana anayewachunga: wakati wa kiangazi wawanywesha wapi?