Kuabudu na Kuheshimu

Hapa Mtwara, toka Rahaleo hata Mikindani, liko neno lisemwalo kwa wepesi na vijana wetu, na mara nyingine hata na waalimu wa dini, ya kwamba Wakatoliki humwabudu Mariamu na sanamu zake. Neno hili ni zito. Likiwa kweli, jirani zetu wameivunja amri ya kwanza. Likiwa si kweli, sisi tulisemao tumeivunja amri ya nane, maana tumemshuhudia jirani uongo. Basi haifai kulitamka kabla ya kulipima.

Tena sisi tu wachache katika nchi hii ya kusini. Watawa wa Mtakatifu Benedikto walianza kazi yao Ndanda mwaka 1906, na jimbo Katoliki la Mtwara liliundwa mwaka 1972. Nyumba nyingi za washarika wetu zina mkwe au shangazi aliye Mkatoliki, na neno hilo likitupwa humwangukia mtu tulaye naye chakula kimoja.

Wengi hutazama magoti. Huona mtu amepiga magoti mbele ya sanamu, wakasema: tazama, anaabudu. Lakini Ibrahimu aliinama mbele ya wana wa Hethi alipokuwa akitafuta mahali pa kumzika Sara, wala hakuna amhesabuye kuwa mwabudu watu. Nasi twasema shikamoo kila asubuhi, neno ambalo wazee hulieleza kuwa ni kushika miguu. Ni kweli pia kwamba Petro alimwinua Kornelio aliyeanguka miguuni pake, na malaika wa Ufunuo alimkataza Yohana asimsujudie. Kuinama ni kule kule, lakini mara moja kunapokewa na mara nyingine kunakataliwa. Basi tofauti haimo magotini.

Wengine hukwazwa na neno lenyewe. Wakatoliki husema kwa Kiswahili “ibada kwa Bikira Maria”, na Mlutheri, ambaye kwake ibada ni ile ya Jumapili mbele ya Mungu, hushtuka. Fitina ya namna hii ni ya zamani. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulitenga kwa Kiyunani maneno mawili: latria, iliyo ya Mungu peke yake, na heshima ya kuinama ambayo picha za watakatifu zaweza kupewa, kwa kuwa heshima hiyo humwendea yule aliyechorwa. Habari zake zilipofasiriwa kwa Kilatini, heshima ile ikaitwa kwa neno la kuabudu, na wanachuoni wa mfalme Charlemagne wakaandika kwa ukali kupinga jambo ambalo Mtaguso haukulisema. Baadaye Thomas Aquinas alieleza kwa utaratibu kwamba latria ni ya Mungu, dulia ni ya watakatifu, na hiperdulia ni ya Mariamu, iliyo kubwa kuliko dulia lakini si latria.

Mtu atasema, hayo ni maneno ya wasomi tu. Basi na asikilize litania katika kanisa lo lote la Kikatoliki. Akitajwa Baba, Mwana au Roho Mtakatifu, watu huitikia: utuhurumie. Akitajwa Mariamu, Petro au mtakatifu mwingine, huitikia: utuombee. Hata mtoto asiyejua kusoma huitikia hivyo. Nasi tukiagana husema “mniombee”, wala hatujamfanya ndugu yetu kuwa Mungu.

Je, basi hatuna la kusema? Tunalo, ila tuliseme mahali pake. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu yake ya 21, halikatazi kuwakumbuka watakatifu. Hukataza kuwaomba na kutafuta msaada kwao, kwa kuwa Maandiko yametupa Mpatanishi mmoja, Kristo. Utetezi wa Ungamo hilo, wa mwaka 1531, hukubali hata kwamba watakatifu mbinguni huliombea Kanisa kwa jumla. Wakubali pia kuwaheshimu kwa njia tatu: kumshukuru Mungu kwa ajili yao, kuimarishwa na mfano wa rehema waliyoipata, na kufuata imani yao. Lililowasumbua baba zetu lilikuwa hili: watu walimwona Kristo kama hakimu mkali, wakamwogopa, wakamkimbilia mama yake kana kwamba yeye ndiye mpole. Hapo heshima imevuka mpaka, ingawa midomo ingali ikisema “utuombee”. Wakatoliki wenyewe waijua hatari hiyo. Mtaguso wao wa pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliwaonya wahubiri wasizidishe habari za Mariamu kupita kweli, wala wasizipunguze.

Kipimo hiki hakiwapimi wao tu. Wazee wa kusini walimwaga unga chini ya mti na kuwataja waliokufa. Ukiwauliza watasema ni heshima, na huenda kwa wengine ilikuwa hivyo. Lakini yupo Mlutheri asiyetamka Salamu Maria hata mara moja, naye mtoto wake akishikwa na homa usiku, kwanza huwaza ni mzee gani kaburini aliyekasirika, kisha hutafuta hirizi, na mwisho ndipo humwita mchungaji. Sijui kwa haki gani mtu huyo amcheke mwenye rozari.

Waalimu huniuliza mshirika afanyeje msibani kwa wakwe zake, rozari ikisaliwa mkekani. Najibu: akae pamoja nao, asitoke nje kwa kishindo. Wanapoitikia “utuombee”, anyamaze kwa adabu. Na mkwe wake akimwuliza baadaye sababu, amweleze kwa upole habari za Mpatanishi mmoja. Nao wafikapo Baba Yetu, aisali pamoja nao kwa sauti.