Kaunti Inamfaa Nani?

Siku hizi kila kijana wa Chaani mwenye visenti vyake anauliza swali moja: nihamie kaunti gani? Si kutafuta kazi, ni kulima. Ekari moja mbili, kuku, mbuzi, mihogo, kisima, nyumba ya kujijengea pole pole. Tumechoka. Trela zinapita mlangoni usiku kucha, kontena zimepangwa juu kama magorofa, na maji tunanunua kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni. Mtu aliyelelewa hivi, ukimwambia kuna mahali atachuma mboga yake mwenyewe, huwezi kumlaumu akianza kuota.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, naandika hapa na pale kwa malipo, na niko kwenye chama cha watu sita tunaochanga kila mwezi kwa ajili ya shamba. Kazi ya kuzipima kaunti nilipewa mimi, labda kwa sababu ndiye ninayependa kusoma. Nikachora jedwali la safu sita: mvua, maji, udongo, barabara, wanyama, karatasi.

Kwale ilianza vizuri. Barabara ya Dongo Kundu imeileta karibu nasi, na upande wa Shimba Hills mvua inanyesha na michungwa inazaa. Lakini ukienda Kinango, ukame unakupokea. Kilifi ni hivyo hivyo: karibu na bahari kuna minazi na mikorosho, ukipanda Ganze watu wanaomba mvua. Taita Taveta ina vilima vya Wundanyi, baridi nzuri na rutuba, ila huko ndugu wanagawana vipande vidogo tayari. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti nzima, na kule tambarare ndovu huingia shambani bila hodi.

Kwenye safu ya maji ndipo nilipokwama. Mombasa yetu haina mto wa kuitegemea. Maji ya mfereji, siku yakija, hutoka chemchemi za Mzima huko Taita Taveta, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950. Hutoka Baricho, Kilifi. Hutoka Marere na Tiwi, Kwale. Sasa bwawa la Mwache linajengwa Kwale, familia zimehamishwa kulipisha, na maji yake mengi yanalengwa huku kwetu. Kumbe kaunti hizi ninazozihoji kama zinatafuta kazi kwangu ndizo zimekuwa zikininywesha tangu nizaliwe, na huko zilipo bado kuna akina mama wanaobeba ndoo kichwani.

Hapo neno lenyewe likaanza kunisumbua. Tunasema kaunti "inafaa" kana kwamba kufaa ni sifa kama urefu au rangi. Lakini kitu hakifai hivi hivi; kinamfaa mtu. Wazee wakasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Jedwali langu lilikuwa na safu sita za kaunti itanifaa nini mimi, na hakuna hata moja ya mimi nitamfaa nani.

Tukapata shamba. Bei ilikuwa chini mpaka mmoja wetu akasema tuwahi kabla watu wa Nairobi hawajasikia. Hatimiliki ipo, broka anacheka vizuri. Tulipoenda kuliona tukakuta miembe minene, minazi iliyopandwa kwa mistari, makaburi matatu chini ya mbuyu, na familia iliyokuwa ikianika mihogo. "Hao ni maskwota tu," broka akasema. "Watatoka."

Ile "tu" ina historia. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi ya pwani: mwenye dai alilete lisajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya serikali. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa ukoo na si kwa karatasi, walibaki nje ya daftari. Wajukuu wao ndio leo tunaowaita maskwota, kwenye ardhi walikozikwa babu zao. Kwa hiyo bei ya chini nayo ni habari. Inakuambia kuna mtu ambaye dai lake halikuhesabiwa.

Wenzangu walikuwa na hoja, na si hoja za kipuuzi. Ya kwanza: Katiba ya 2010 inampa Mkenya haki ya kumiliki mali popote nchini. Ni kweli, na nisingetaka iwe vingine. Babu yangu alitoka Ukambani kuja kubeba mizigo bandarini. Agosti 1997, hapo Likoni, watu waliuawa na maelfu wakakimbia kwa sababu waliambiwa hapa si kwao. Anayesema kila mtu arudi alikotoka babu yake, ananifukuza mimi pia. Lakini haki ya kuishi popote haisemi niishi juu ya nani. Ikiwa mimi ninaruhusiwa kuwa mwenyeji nisikozaliwa baba yangu, itakuwaje yule aliyezaliwa pale pale aitwe mvamizi?

Hoja ya pili: tusiponunua sisi, atanunua tajiri, na yeye hataongea nao hata salamu. Huenda. Lakini ubaya wa mwengine haunipi mimi ruhusa. Unanipa kisingizio tu. Na tajiri huyo naye, nina hakika, anasema hivyo hivyo kuhusu tajiri mwenzake.

Hoja ya tatu ndiyo iliyoniuma: sisi pia ni maskini, na mwenye nyumba wetu hatuulizi tulizaliwa wapi anapopandisha kodi. Sina jibu la kuimaliza hiyo. Ninachojua ni kwamba shida yangu inaeleza kwa nini natafuta shamba. Haielezi kwa nini iwe ni yule anayeanika mihogo atakayenilipia.

Tulipopiga kura, watatu walisema ndiyo na watatu hapana. Pesa bado ziko benki, na wawili wameanza kudai fungu lao. Mimi nimependekeza tutafute kipande kidogo zaidi, hata nusu ekari, hata kwa bei kali, kwa watu wanaouza cha kwao wenyewe, wazee wa ukoo na majirani wakiwepo.

Jedwali sijalitupa. Mvua ni muhimu, na mihogo haioti kwa maadili. Nimeongeza safu ya saba tu, na nimeiweka mwanzo kabisa, kabla ya mvua: nani anatoka ili mimi niingie? Kaunti ambayo jibu lake ni "hakuna", hata ikiwa kavu, nitaanza nayo.