Chujio katika Injini ya Zamani

Fundi mmoja wa usharika wetu ana Volkswagen Beetle aliyoirithi kwa baba yake. Alipoifungua injini kwa matengenezo makubwa, aliamua kuiongezea chujio la oili. Tulikwenda kumtazama, naye akatueleza kwamba injini ile haikutoka kiwandani na chujio la kubadilishwa kama magari ya leo. Chini ina wavu wa waya tu, unaozuia vipande vikubwa. Masizi na unga wa chuma hupita, vikazunguka na oili ile ile, kama lita mbili na nusu, mpaka siku ya kuimwaga.

Mzee mmoja aliyekuwepo akauliza, "Gari limetembea miaka yote bila hicho. Mnamsahihisha aliyeliunda?" Tulicheka, lakini swali lilitukaa moyoni. Wiki ile ile Baraza la Wazee lilikuwa limeamua kwamba sadaka zihesabiwe na watu watatu, nao watie sahihi kabla ya kutoka kanisani. Mhazini wetu, mtu mzima aliyetumika kwa uaminifu miaka mingi, aliumia sana. Alituuliza neno moja tu: "Mchungaji, nimeiba nini?"

Je, kuweka ulinzi ni kumshuku ndugu? Na sisi tunaohubiri kwamba mtu huokolewa kwa neema, vichujio ni vya nini?

Fundi alitufundisha jambo. Uchafu wa oili hauingii kutoka nje tu. Mwingi huzaliwa na kazi yenyewe. Petroli ikiungua huacha masizi, na chuma kikisuguana na chuma huacha unga. Injini nzima na nzuri nayo huchafua oili yake. Isiyochafua ni ile isiyowashwa. Basi chujio si hukumu juu ya injini. Ni kukubali kwamba injini inafanya kazi.

Ndivyo tulivyofundishwa kuhusu Mkristo, kwamba ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Luther, katika hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517, alifundisha kwamba toba ni ya maisha yote ya mwamini, wala si ya siku moja.

Hapa hatuna budi kusema ya kwetu. Miaka iliyopita, katika usharika mwingine, tulichukua fedha ya sadaka kumlipia mgonjwa nauli ya hospitali, tukijiambia tutairudisha mwisho wa mwezi. Tuliirudisha baada ya miezi mitatu, na hakuna aliyejua. Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza, na mara hiyo hapakuwa na mgonjwa.

Sharika zetu zina wavu wa waya. Uzinzi na ulevi hunaswa, na mtu hutengwa na Meza ya Bwana mpaka atakaporudi kundini. Lakini kuazima bila kuomba, taarifa iliyopambwa na kinyongo cha chini chini hupita kwenye matundu. Huo ndio unga mwembamba unaokula beringi polepole, na siku injini inapogonga, kila mtu hushangaa.

Fundi alitupa onyo pia. Ili kufunga chujio, alitoboa mwili wa injini na kukata nyuzi za skrubu kwenye njia ya oili. Kisha alitumia muda mrefu kuosha kuliko aliotumia kutoboa, maana vumbi la chuma likibaki ndani, kazi ya kuilinda injini ndiyo itakayoiua. Tulijiona pale. Tulikuwa tumetangaza uamuzi barazani bila kuketi kwanza na mhazini. Tulitoboa, hatukuosha.

Jioni tulikwenda nyumbani kwake. Tuliomba radhi, kisha tukamsimulia habari ya zile fedha. Alinyamaza kwa muda. Akasema, "Kumbe hao watatu wangekusaidia hata wewe, Mchungaji."

Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewaita wenzake mezani baada ya ibada.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba chujio halitengenezi oili. Injini isiyo na chujio huchakaa mapema. Injini isiyo na oili hufa baada ya dakika chache. Utaratibu wetu wote, sahihi zote tatu, hauwezi kumpa mtu moyo safi. Huo hutoka kwa Mungu, naye hutoa bure. Na chujio lenyewe hujaa, likahitaji kubadilishwa. Watu watatu wanaotia sahihi bila kuhesabu ni chujio lililoziba.

Basi kila mmoja wetu ajiulize: katika kazi aliyopewa, ni nani anayeruhusiwa kuitazama oili yake?