Laptopu ya kwanza ya binti yetu: Wepesi, uimara na halali yake

Vyuo vilipokaribia kufunguliwa, mzee mmoja tunayeswali naye safu moja alinishika mkono baada ya Isha. "Ustadhi," akasema, "mwanangu kapata chuo, Mlimani. Wanasema hawezi kusoma bila laptopu. Nina laki saba. Nenda naye Kariakoo, mimi nikienda mwenyewe wataniuzia sanduku tupu." Laki saba zile, ndugu msomaji, si fedha za mchezo. Mzee yule anauza nazi. Ukizigawa kwa faida ya nazi moja utaelewa ni amana ya namna gani niliyokabidhiwa.

Nilikubali haraka nikidhani jambo lenyewe ni rahisi. Hoja za kidini ninazo: israfu imekatazwa, kujionesha ni riyaa, basi tutanunua chombo kinene, kigumu, cha bei nafuu, tumalize. Binti, kumbe, alikwishachagua yake. Alinionesha kwenye simu mashine nyembamba kama daftari, ya rangi ya fedha. Nikamwambia, kwa sauti ile ile ya darasani, kwamba muumini hanunui macho ya watu.

Akanijibu kwa adabu, lakini akanijibu. "Ustadhi, mimi nitatoka Mbagala kila siku. Gari mbili, na mara nyingi nimesimama. Mkoba huo huo una vitabu, una kompyuta, una na chaja. Kwangu mimi wepesi si pambo."

Sikuwa na jibu. Mimi shule ninayofundisha ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na kompyuta yangu hukaa mezani mwaka mzima. Nilikuwa nimeliita hitaji la mwenzangu kuwa ni anasa kwa sababu tu halikuwa hitaji langu. Wangapi kati yetu sisi walimu na mahatibu tunafanya hivyo kila Ijumaa? Halafu tunasahau kwamba Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, hakukiita kitendo hicho kiburi. Alifundisha kwamba Allah (s.w.) ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo kununua chombo kibaya cha kuangalia hakumfanyi mtu kuwa mchamungu.

Lakini na mimi nilikuwa na langu la kusema, nalo nililisema. Laptopu yangu ya kwanza, niliyoinunua nikiwa mwaka wa pili chuoni, ilikuwa nyembamba vile vile. Mwaka wa tatu betri ilivimba hadi ikainua kibodi. Fundi akaifungua, akaniita nione. Betri ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Memori ilikuwa imelehemiwa kwenye bodi, huwezi kuitoa wala kuongeza nyingine. Hata skrubu zake zilikuwa za kichwa ambacho bisibisi zake hazikuingia. Nilimaliza utafiti wangu kwenye intaneti kafe, nikilipia kwa saa.

Wembamba una bei yake. Mwaka 2008 Steve Jobs alipanda jukwaani akaichomoa MacBook Air kutoka ndani ya bahasha ya karatasi, na watu wakashangilia. Mashine ile ilikuwa na uzito wa kilo 1.36 hivi, na kweli ilikuwa ya ajabu. Ila memori yake ilikuwa imelehemiwa, na betri haikutengenezwa ili mwenye kompyuta aibadilishe mwenyewe. Makampuni mengine yakafuata njia hiyo. Leo mtu ananunua kompyuta, na siku kitu kimoja cha ndani kinapokufa, inakufa yote.

Hapa pana swali la fiqhi ambalo sijasikia likiulizwa kwenye darsa zetu. Umiliki ni nini? Wanazuoni wetu wanapoizungumzia milki kamili wanazungumzia haki ya mtu kukitumia kitu chake na kukifanyia tasarufi. Na katika mlango wa biashara wamejadili kwa urefu masharti yanayopingana na makusudio ya mkataba wenyewe, kama mtu akuuzie nyumba kwa sharti usiingie. Je, anayeniuzia chombo kisha akakifunga kwa gundi ili nisiweze kukitengeneza, ameniuzia au amenikodishia? Sitoi fatwa, hiyo si kazi yangu. Nasema tu kwamba Wafaransa, ambao hawasomi vitabu vya fiqhi, tangu mwaka 2021 wamewalazimisha wauzaji wa laptopu waandike alama inayoonesha kifaa kinatengenezeka kwa kiasi gani. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa vifaa mwaka 2024. Sisi ambao Mtume wetu alikuwa akishona viatu vyake kwa mkono wake nyumbani, kama alivyosimulia Bi Aisha (r.a.), tumelinyamazia.

Na uchafu wake ni mkubwa. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kuwa imekusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Katazo la kupoteza mali linaanzia hapo, kabla hatujafika kwenye mapilau ya harusini.

Basi tukakubaliana, mimi na binti, tutafute ya katikati. Mtumba, lakini ya kufunguka. Tuliishia kwenye ThinkPad T480, toleo la mwaka 2018. Kilo moja na nusu na kitu, haifiki mbili. Ina betri mbili, na moja unaichomoa kwa vidole bila bisibisi. Memori ina nafasi mbili, unaweza kuanza na ndogo ukaongeza ukipata fedha. Kibodi ikifa inabadilishwa. Haivutii sana. Binti aliipakata, akaipima mkononi, akasema, "Naiweza."

Dukani tulipoifikia ilikuwa na karatasi iliyobandikwa: betri saa sita. Nikamwomba kijana wa duka aniruhusu niandike amri ndogo iliyomo ndani ya Windows inayotoa ripoti ya betri. Betri moja ilitengenezwa kubeba wati-saa 24, sasa ilikuwa inabeba tisa. Kijana akacheka, "Mzee, hiyo wateja huwa hawaiangalii." Nikamkumbusha kisa cha muuza chakula sokoni Madina, Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono ndani ya lundo akakuta unyevu umefichwa chini, akasema mwenye kutudanganya si katika sisi. Hakukasirika. Alikwenda ndani akarudi na betri nyingine, akaiandika kwenye risiti. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba aibu ya bidhaa ni jambo la dini.

Ila mtihani haukuwa umekwisha. Kijana akauliza, "Niwaweke na Office, na zingine zote? Bure." Bure yake ni programu zilizovunjwa ufunguo. Binti akaniangalia. Najua hoja zetu: makampuni yale ni ya Marekani, ni matajiri, wanatunyonya, kuwaibia si kuiba. Nimewahi kuzisema mwenyewe. Lakini Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, iliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Dhulma ya tajiri haihalalishi mali yake. Na njia ya halali ipo, wala haina gharama. LibreOffice inaandika, inapiga hesabu na kutengeneza mada za kuwasilisha darasani. Ukitaka kuondokana na Windows kabisa ipo Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni utu wenyewe. Unaupanga utakavyo, na hakuna anayekufungia mlango.

"Weka hiyo ya bure ya kweli," binti akasema, kabla sijafungua mdomo.

Tulirudi na chenji ya elfu arobaini, nikamkabidhi mzee mkononi mwake. Usiku ule nilikaa mezani kwangu nikawasha kompyuta yangu, ile ninayoandalia masomo ya tauhidi na akhlaki. Programu niliyokuwa nikiandikia mitihani kwa miaka minne niliwekewa na fundi kwa shilingi elfu tano, na ufunguo wake najua ulikotoka. Nikaifuta. Mitihani mitatu ya kidato cha pili ilivurugika mpangilio, maandishi ya Kiarabu yakakaa kichwa chini miguu juu, na hadi adhana ya Alfajiri nilikuwa bado nayapanga upya.