Maua kwa Maji ya Nani?

Jirani yangu mmoja hapa Chikongola, kijana mwendesha bodaboda, hupita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi na kunipa shikamoo. Siku moja ya Novemba alisimamisha pikipiki, akanitazama nikimwagilia bogenvilia kwa kopo, kisha akasema, "Mwalimu, samahani nikuulize. Maua yanaliwa?" Nikamjibu kwamba hayaliwi. Akacheka. "Basi maji hayo si bora ungemwagia mchicha?" Akawasha pikipiki, akaenda zake.

Alisema kwa utani, lakini swali lenyewe si la utani. Ndugu msomaji asiyeijua pwani hii ya Mtwara aelewe kwamba sisi hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Dar es Salaam. Mvua yetu ni moja tu: huanza kuelekea Desemba na kwisha Aprili au Mei. Tangu kipupwe cha Juni, upepo wa kusi unapovuma, mpaka joto la Oktoba na Novemba, ardhi hukauka, majani huwa rangi ya mchanga, na ndoo ya maji huwa kitu cha kuhesabiwa. Na katika miezi hiyo hiyo ya ukame ndipo bogenvilia huwaka zambarau na nyekundu juu ya nyua zetu, na mkrismasi hujivika wekundu wake sikukuu iliyoupa jina inapokaribia. Tena huo ndio msimu wa korosho. Fedha huingia, watu hupaka nyumba rangi, hubadili mapazia, hununua makochi. Kwa hiyo kila mwaka, kati ya ukame na sikukuu, swali la kijana yule hurudi: je, mtu ana haki ya kutumia maji, fedha na nguvu zake kwa kitu kisicholiwa, hali wapo majirani waliopungukiwa?

Ningeweza kumjibu kwa ujanja wa kimwalimu. Ningemwonyesha yale maua madogo, ya waridi na meupe, yanayoota mchangani kando ya nyumba zetu hata pasipo mtu kuyapanda, nikamwambia kwamba asili yake ni Bukini, ng'ambo ya bahari yetu hii, na kwamba kutokana na mmea huo hupatikana dawa iitwayo vinkristini, inayotumika kutibu watoto wenye saratani ya damu. Ningemwambia pia kwamba bogenvilia na mkorosho ni ndugu wa safari: wote wawili asili yao ni Amerika ya Kusini, mmoja tukaupokea kwa tumbo, mwingine kwa macho. Lakini majibu hayo ni ya kukwepa. Kulitetea ua kwa sababu linatibu ni kukubali kwamba uzuri wenyewe hauna hoja. Bogenvilia yangu haitibu chochote. Hata hiyo rangi yake si ya ua: ni majani matatu yaliyogeuka rangi kuzunguka viua vidogo vyeupe. Ni pambo tupu. Swali linabaki pale pale.

Nimelichukua swali hili kwa muda mrefu, na mara mbili katika maisha yangu nililijibu vibaya. Nitazisimulia zote mbili, maana mwalimu asiyekiri makosa yake hana haki ya kusahihisha ya wengine.

Mara ya kwanza nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu. Chuoni tulisoma Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, na tuliliamini kwa moyo wote. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulipoikumba nchi, ikabidi chakula kiagizwe kutoka nje, likatoka tangazo la Kilimo cha Kufa na Kupona. Katika shule niliyofundisha kulikuwa na safu ya maua mbele ya madarasa. Nikawaamuru wanafunzi waing'oe, tukapanda mihogo. Sijutii mihogo ile. Iliota, na watoto waliila. Ninachojutia ni hotuba niliyotoa siku ile mstarini, nikisema kwamba kupanda maua ni kasumba ya kikoloni, na kwamba Mwafrika wa kweli hapotezi jasho lake kwa kitu kisichojaza tumbo.

Nilisema hivyo mimi, niliyekulia katika nyumba ya udongo ambayo kuta zake mama yangu alizisiriba upya kila ilipokaribia sikukuu, akichanganya udongo mwekundu na mweupe na kuupiga mistari kwa vidole. Nilisema hivyo hali nimekunywa maji utotoni kutoka katika mtungi wa Kimakonde uliochorwa nakshi shingoni. Nakshi haiongezi maji mtungini hata kijiko kimoja. Mfinyanzi alilijua hilo kuliko mimi, naye alikuwa maskini kuliko mimi, na bado alichora. Wanawake wa pwani wanaovaa vikuba vya asmini na rehani, na wasuka mikeka wanaotia ukindu rangi kabla ya kuusuka, hawakufundishwa na mkoloni yeyote. Hitaji la uzuri lilikuwa kwetu kabla ya shule zetu.

Mara ya pili ilikuwa katika miaka ya themanini, nami nimekuwa mwalimu mkuu wa shule moja juu ya uwanda wa Makonde. Safari hii niliikosea haki kwa upande wa pili. Nilikuwa nimejirudi, nikayapenda maua kupita kiasi. Nilipanda safu mbili kutoka barabarani hadi ofisini, nikapaka chokaa mawe ya kando, na mkaguzi wa shule alipokuja alinisifu mbele ya walimu wenzangu. Nilijiona nimefika.

Sikuwaambia wageni maji yanatoka wapi. Wanaoujua uwanda ule wanajua shida yake: mvua hunyesha lakini ardhi huimeza, na katika miaka ile akina mama wa vijiji vingi waliteremka mteremko mkali hadi bondeni kufuata chemchemi, wakapanda tena na ndoo kichwani, safari ya nusu siku. Mimi niliweka amri kwamba kila mwanafunzi aje na kidumu cha maji asubuhi. Asiyekuja nacho alichapwa.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja amebeba mtoto mgongoni na kidumu mkononi. Alinisalimu kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, binti yangu wa darasa la nne jana amechapwa kwa ajili ya maji ya maua. Leo nimeyaleta mwenyewe. Haya ni maji ya uji wa huyu mdogo wake. Nionyeshe ua nilimwagie."

Nilimwomba arudi na maji yake. Akakataa. Alikwenda mwenyewe hadi mwanzo wa safu, akainama, akamimina polepole mpaka tone la mwisho, akafunika kidumu, akaondoka bila kusema neno jingine. Walimu wenzangu walijifanya hawakuona. Siku ile ile nilifuta amri. Maua mengi yalikufa kabla ya mvua, na mkaguzi aliyefuata hakunisifu.

Kama kisa kingeishia hapo, ningerudi kwenye hotuba yangu ya kwanza na kusema kwamba maua ni anasa. Lakini majuma machache baadaye nilipita njia ya kwa mama yule. Kando ya mlango wake palikuwa na debe kuukuu lililotoboka, na ndani yake ua jekundu limechanua vizuri kuliko yangu yote. Chini ya debe udongo ulikuwa na punje za wali. Alikuwa akilimwagilia maji ya kuoshea vyombo.

Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyerudishiwa daftari. Mama yule hakuwa adui wa maua. Alipenda maua kama mimi, pengine kuniliko. Alichokataa ni uzuri wa ofisi yangu kubebwa na kichwa cha binti yake. Sisi, kijana wa bodaboda na mimi, tulikuwa tukibishana kama maua yanaliwa au hayaliwi. Swali la yule mama lilikuwa jingine: maua haya yanakua kwa maji ya nani?

Nikilishika swali hilo mkononi, mengi hufunguka. Nenda Mikindani, kilomita kumi hivi kutoka hapa mjini, utazame nyumba za mawe ya matumbawe na milango yake ya nakshi. Ni kazi ya mafundi wa kweli, na macho hayashibi. Lakini bandari ile ilitajirika pia kwa pembe za ndovu na kwa watu waliofungwa minyororo. Je, tuivunje milango? La hasha. Mbao hazina hatia, wala fundi aliyeshika patasi. Ila anayempeleka mtoto kuitazama, na amwambie yote mawili: uzuri, na mabega yaliyoubeba.

Ndivyo ninavyoyatazama na mapambo yetu ya siku hizi. Korosho zikilipwa vizuri, mtaani petu hupendeza. Fundi rangi hapati nafasi ya kupumua. Mapazia mapya hupepea madirishani, vitambaa vya kufuma hutandikwa juu ya makochi, maua ya plastiki husimama mezani. Wapo wanaoyacheka hayo na kuyaita ushamba. Mimi siyacheki. Mtu aliyevuta moshi wa kubangua korosho mwezi mzima ana haki ya kukaa mbele ya ukuta wenye rangi aipendayo. Lakini nimeona pia kochi lililonunuliwa kwa deni ambalo watoto wa nyumba hawaruhusiwi kulikalia, wakila chini jikoni wakisubiri mgeni asiyekuja. Nimeona ada ya mtoto ikigeuka pazia. Katika msimu wa 2018, malipo ya korosho yalipowachelewa wakulima wengi, baadhi ya waliokwisha kukopa kwa ajili ya mapambo ya sikukuu walifika Mwaka Mpya wakiwa na seti ya kabati lakini hawana unga. Pazia halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kwamba lilimwagiliwa kwa maji ya uji wa mtoto.

Kuna atakayeniambia kwamba kwa kipimo hiki hakuna pambo litakalosalia, maana daima yupo mwenye njaa mahali fulani, na kila kopo la maji lingeweza kumfaa. Hoja hii ni nzito, nami siwezi kuimaliza. Ninachojua ni kwamba nyumba isiyo na chochote cha kupendeza haimlishi jirani. Miaka ile nilipong'oa maua, sikuwa mkarimu zaidi; nilikuwa mkali zaidi. Na mwenye njaa mwenyewe, kama yule mama, hakuniomba niache maua. Aliniomba nibebe maji yangu.

Basi hivi ndivyo tunavyoishi sasa, mke wangu na mimi, tukiwa wazee. Hakuna maji ya bombani yanayokwenda moja kwa moja kwenye ua. Maji ya kuoshea mchele ni ya mrehani, ya kuoshea vyombo ni ya asmini, na ya kufulia, yakiwa hayana sabuni nyingi, ni ya bogenvilia, ambayo kwa bahati njema ni mti wa shida: ukiunywesha sana hutoa majani na kusahau maua. Mbebaji ni mimi. Wajukuu wakija likizo wakitaka kusaidia, wasaidie kwa hiari yao; hakuna atakayetumwa.

Na maua hayo hayakai kwetu. Desemba ikifika, majirani zetu wanaosali Jumapili huja kukata matawi ya bogenvilia kupambia milango yao. Idi ikifika, mke wangu hutuma asmini nyumba hadi nyumba kwa mabinti, pasipo kuuliza nani anaswali wapi. Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo sikukuu hizi mbili hukimbizana. Mwishoni mwa mwaka 2000 zilikutana, zikaachana kwa siku chache tu, na mtaa mzima ulipambwa kwa mti mmoja. Kwa hesabu ya mwezi, zitakutana tena Desemba 2033. Sijui kama nitakuwepo. Mti utakuwepo, mtu akiupa maji.

Kijana wa bodaboda alipita tena juma lililofuata. Safari hii nilimjibu. Nilimwambia, "Maua hayaliwi, mwanangu, lakini maji haya yamekwisha kuosha mchele tulioula." Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama tawi likikatwa linaweza kuota kwake, maana mkewe amekuwa akiutazama mti huu tangu wahamie mtaani. Nikamkatia vipande vitatu, nikamweleza avipande mvua za kwanza zikianguka. Aliuliza swali moja tu: vinataka maji mengi?

Nikamwambia havitaki mengi, ila ayabebe mwenyewe.